Wimbo ni mali ya nani? Historia ya kesi za muziki katika intaneti



Siku moja, baada ya mafundisho, kijana wa kikundi chetu aliniuliza: “Mwalimu, mwenzangu akinitumia wimbo kwa simu, nami nikawatumia wengine kumi, je, nimevunja amri ya saba?” Wenzake walicheka, kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa na nyimbo mia mbili au tatu katika simu yake, na hakuna aliyekuwa amelipa hata franka moja. Nilimwomba anipe muda wa kutafuta jibu. Makala hii ni sehemu ya jibu hilo.

Kabla ya kuendelea, yanipasa kukiri jambo. Nilipokuwa mwanafunzi wa ualimu, tulikuwa na redio moja bwenini yenye nafasi mbili za kaseti. Jumamosi tulinunua kaseti tupu sokoni, tukaazima kaseti yenye nyimbo kwa jirani, na usiku tukanakili mpaka umeme ukatike. Sikufikiri hata mara moja kwamba nilikuwa nimemnyima mtu chochote. Miaka mingi baadaye, kwaya moja ninayoifahamu ilichanga fedha ili irekodi nyimbo zake, ikitumaini kwamba mauzo yangeisaidia kununua vyombo vya muziki. Iliuza nakala chache tu. Mwezi haukwisha kabla ya nyimbo hizo kuanza kunakiliwa kwa bei ndogo kando ya barabara, na deni la studio likabaki mikononi mwa wanakwaya. Hapo niliikumbuka redio yetu ya bwenini. Aliyenakili nyimbo za kwaya ile hakuwa mtu mbaya kuliko mimi.

Swali la kijana wetu limekwisha kujadiliwa mbele ya majaji, hasa huko Marekani, kwa miaka zaidi ya kumi na kwa gharama kubwa. Hukumu zilizotolewa huko zimebadili namna dunia nzima inavyosikiliza muziki, sisi tukiwa miongoni mwao. Basi tuifuate historia hiyo hatua kwa hatua.

Haki ya mtunzi ilianzia wapi

Zamani, huko Uingereza, faida ya vitabu ilikuwa ya chama cha wachapaji na wauza vitabu wa London. Mwandishi aliuza maandiko yake mara moja, na yaliyofuata hayakumhusu tena. Mwaka 1710 Bunge la nchi hiyo lilianza kutumia sheria inayoitwa Sheria ya Anne, kwa jina la malkia aliyetawala wakati huo. Sheria hiyo ilimpa mwandishi haki ya kuchapisha kitabu chake kwa miaka 14, na kama angali hai, miaka 14 mingine. Baada ya hapo kitabu kilikuwa cha watu wote.

Angalieni vizuri kwamba sheria hiyo ilibeba mawazo mawili pamoja. Wazo la kwanza ni kwamba aliyetunga ana haki juu ya kazi yake. La pili ni kwamba haki hiyo ina mwisho, kwa sababu jamii nayo inahitaji kusoma, kujifunza na kuimba. Katiba ya Marekani ya mwaka 1787 ilifuata njia hiyo hiyo: iliruhusu bunge kuwapa watunzi haki kwa muda wenye kikomo, kwa ajili ya maendeleo ya elimu. Mwaka 1886, katika mji wa Bern huko Uswisi, mataifa kadhaa yalikubaliana kuheshimu haki za watunzi wa nchi nyingine kama yanavyoheshimu za watunzi wao. Kwetu Kongo, sheria inayolinda haki za watunzi ni ya tarehe 5 Aprili 1986, na chama cha kukusanya malipo ya watunzi, SOCODA, kiliundwa mwaka 2011. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba jambo hili ni la wageni peke yao.

Kila mashine mpya huleta ugomvi

Ugomvi kuhusu nakala haukuanza na intaneti. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na piano zilizojipiga zenyewe kwa kusoma mkanda mrefu wa karatasi uliotobolewa matundu. Watunzi wa nyimbo walilalamika kwamba watengenezaji wa mikanda hiyo walitumia nyimbo zao bila kulipa. Mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mkanda huo si nakala ya wimbo, kwa kuwa hakuna mwanadamu awezaye kuusoma kwa macho. Watunzi walishindwa mahakamani. Lakini mwaka uliofuata bunge lilitunga sheria mpya: mtengenezaji angeweza kuutumia wimbo uliokwisha kuruhusiwa mara ya kwanza, ila amlipe mtunzi senti 2 kwa kila mkanda. Mashine iliendelea kufanya kazi, na mtunzi naye akapata riziki yake.

Ugomvi mwingine ulihusu mashine ya Betamax ya kampuni ya Sony, iliyomwezesha mtu kurekodi vipindi vya televisheni nyumbani. Kampuni za filamu za Universal na Disney zilifungua kesi mwaka 1976. Tarehe 17 Januari 1984 Mahakama Kuu iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba mtu anayerekodi kipindi ili akitazame baadaye hatendi kosa, na kwamba kampuni haiwezi kulaumiwa kwa kuuza chombo chenye matumizi makubwa ya halali, hata kama wengine watakitumia vibaya. Kampuni hizo za filamu, zilizoogopa kuangamia, baadaye zilipata fedha nyingi kwa kuuza kanda za video. Ikumbukeni kesi hii, kwa maana mawakili wote waliofuata waliitegemea.

Mwaka 1985 Mahakama hiyo hiyo ilitoa hukumu nyingine inayogusa moja kwa moja swali la kijana wetu. Mtu mmoja alishitakiwa kwa kusafirisha santuri za Elvis Presley zilizotengenezwa bila ruhusa. Serikali ilidai kwamba alisafirisha mali ya wizi. Majaji walio wengi walikataa. Walisema kwamba kuvunja haki ya mtunzi ni kosa la namna yake, na halilingani kabisa na kumnyang’anya mtu kitu chake, kwa sababu mwenye haki hapokonywi haki yenyewe. Tutarudi kwenye hoja hii mwishoni.

Kijana wa miaka 18 na programu yake

Ili wimbo upite katika waya wa simu, ilibidi kwanza upunguzwe ukubwa. Kazi hiyo ilifanywa na wahandisi wa taasisi ya Fraunhofer katika mji wa Erlangen, Ujerumani, akiwemo Karlheinz Brandenburg. Waligundua kwamba katika sauti iliyorekodiwa kuna sehemu nyingi ambazo sikio la mwanadamu halizitambui, kwa mfano sauti ndogo inayofunikwa na sauti kubwa iliyo karibu nayo. Wakibuni njia ya kuziacha sehemu hizo, wimbo uliohitaji megabaiti 40 katika CD ukaweza kuenea katika megabaiti 4 hivi. Njia hiyo ndiyo MP3, jina ambalo nyote mnaliona katika simu zenu.

Mwaka 1999 Shawn Fanning, kijana aliyekuwa ameacha masomo ya chuo kikuu huko Boston akiwa na miaka 18, alitunga programu aliyoiita Napster. Akishirikiana na Sean Parker, aliitoa kwa watu mwezi wa Juni mwaka huo. Ilifanya kazi hivi. Mtu alipoifungua katika kompyuta yake, programu ilituma orodha ya nyimbo alizo nazo kwenye seva ya kampuni. Mwingine alipotafuta wimbo, seva ilimwonyesha ni kompyuta ya nani yenye wimbo huo. Kisha wimbo ulitoka kompyuta ya kwanza kwenda ya pili moja kwa moja. Kampuni yenyewe haikuhifadhi wimbo hata mmoja. Ilikuwa kama dalali asiye na bidhaa dukani, lakini anajua kila nyumba yenye bidhaa, naye huelekeza wateja.

Watu walimiminika. Kufikia Februari 2001 watumiaji walikuwa takriban milioni 26, wengi wao wanafunzi. Vyuo vingine viliifunga Napster kwa sababu ilikuwa ikila sehemu kubwa ya nguvu ya intaneti yao.

Tusiwahukumu vijana hao upesi. Wakati huo, aliyependa wimbo mmoja alilazimika mara nyingi kununua CD nzima yenye nyimbo kumi na zaidi. Tena, mwaka 2002 kampuni tano kubwa za rekodi pamoja na baadhi ya maduka zilikubali kutoa dola milioni 143, sehemu kwa fedha taslimu na sehemu kwa CD, ili kumaliza kesi iliyozituhumu kwamba zilishirikiana kupandisha bei. Hazikukiri kosa, lakini zililipa. Hivyo hasira ya wanunuzi haikutoka hewani.

Wanamuziki wagawanyika

Mwezi wa Desemba 1999, kampuni za rekodi zilifungua kesi dhidi ya Napster katika mahakama ya shirikisho huko California. Mwezi wa Aprili 2000 bendi ya Metallica nayo ilifungua kesi yake, baada ya wimbo wao ambao ulikuwa haujatolewa rasmi kusikika redioni, ukiwa umepitia Napster. Mpiga ngoma wao, Lars Ulrich, alipeleka katika ofisi za Napster orodha ya watumiaji zaidi ya 300,000 waliokuwa wakigawana nyimbo za bendi hiyo, akitaka wafungiwe. Mashabiki wengi walimkasirikia. Walisema kwamba tajiri anawashitaki wapenzi wake mwenyewe.

Tarehe 11 Julai 2000 Ulrich alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti. Alieleza kwamba nyuma ya kila wimbo kuna watu wengi ambao majina yao hayafahamiki, nao wanaishi kwa kazi hiyo. Siku hiyo hiyo alisikilizwa Roger McGuinn, mwimbaji wa kundi la zamani la The Byrds. Yeye alisema kwamba katika miaka yake mingi na kampuni kubwa, mbali na malipo ya awali, alipata kidogo mno kutokana na mauzo, na kwamba huduma moja ya muziki ya intaneti ilikuwa ikimgawia nusu ya mapato. Chuck D wa kundi la Public Enemy naye aliitetea Napster waziwazi.

Basi msidhani kwamba vita hii ilikuwa kati ya wanamuziki upande mmoja na wasikilizaji upande mwingine. Wanamuziki wenyewe hawakukubaliana ni nani anayewanyonya zaidi: kijana anayenakili bila kulipa, au kampuni inayouza na kuwapa makombo.

Hukumu ya Napster

Wakili mkuu wa Napster, David Boies, alijenga utetezi wake juu ya kesi ya Betamax. Alidai kwamba Napster ni chombo tu. Kwamba kina matumizi halali, kwa kuwa wapo wanamuziki wanaopenda nyimbo zao zienezwe. Na kwamba watumiaji hawafanyi biashara, bali hugawana kama marafiki, na wengi huonja wimbo kabla ya kununua CD.

Jaji Marilyn Hall Patel hakushawishika. Tarehe 26 Julai 2000 aliamuru Napster iache kuwezesha ugawanaji wa nyimbo zenye haki za walalamikaji. Siku mbili baadaye Mahakama ya Rufaa iliisimamisha amri hiyo kwa muda, na tarehe 12 Februari 2001 ikatoa uamuzi wake.

Majaji wa rufaa walianza na watumiaji. Mtu anayegawa wimbo kwa maelfu ya watu asiowajua, walisema, hawezi kudai kwamba anafanya jambo la nyumbani. Na anayepata bure kitu ambacho angekinunua, amepata faida hata kama hakukiuza. Kisha wakaigeukia kampuni. Walikubali kwamba kesi ya Betamax humlinda anayetengeneza chombo. Lakini Sony ilipokwisha kuuza mashine yake, haikuwa na habari tena na kinachorekodiwa, wala uwezo wa kukizuia. Napster ilikuwa na seva yake kati ya watu kila dakika. Iliweza kuona, iliweza kuzuia, na ilijua. Katika karatasi za ndani za kampuni ilionekana kwamba Parker mwenyewe aliandika juu ya haja ya kutoyajua majina halisi ya watumiaji, kwa kuwa walikuwa wakibadilishana muziki usio halali. Aliyeamua kufumba macho hakuweza kusema kwamba hakuona.

Mahakama haikuwaachia walalamikaji kila kitu. Iliwataka watoe orodha ya nyimbo zao, ndipo Napster izizuie. Watumiaji wakaanza kuyaandika majina ya nyimbo kwa makosa ya makusudi ili yapite katika kichujio. Mwezi wa Julai 2001 Napster ilizima huduma yake. Mwezi wa Septemba ilikubali kuwalipa watunzi na wachapishaji wa muziki dola milioni 26, na mwaka 2002 ikafilisika.

Grokster na swali la nia

Wengi walidhani kwamba vita imekwisha. Kumbe wanafunzi wa somo hilo walikuwa waandishi wa programu. Kama kosa la Napster lilikuwa seva ya katikati, waliwaza, basi tuiondoe. Zikaja Kazaa, Grokster na Morpheus, ambazo kompyuta za watumiaji zilitafutiana nyimbo zenyewe kwa zenyewe. Kampuni ziliweza kusema kwa kweli kwamba haziwezi kuona wala kuzuia.

Hila hiyo ilifaulu mwanzoni. Mwaka 2003 jaji wa California aliwapa ushindi Grokster na wenzake, na mwaka 2004 Mahakama ya Rufaa ilikubaliana naye. Lakini tarehe 27 Juni 2005 Mahakama Kuu, kwa sauti moja ya majaji wote 9, iliitengua hukumu hiyo. Jaji David Souter aliandika kwamba hapa haitoshi kukitazama chombo, bali lazima kuitazama nia ya anayekitoa. Ushahidi ulionyesha kwamba kampuni hizo ziliwawinda watumiaji wa Napster waliobaki bila makao, hazikujaribu kuweka kichujio chochote, na mapato yao ya matangazo yaliongezeka kadiri watu walivyonakili zaidi. Anayetoa chombo huku akiwashawishi watu wakitumie kuvunja sheria hubeba lawama pamoja nao. Mwezi wa Novemba mwaka huo Grokster ilifungwa kwa makubaliano ya dola milioni 50.

Kumbukeni tofauti hiyo. Fundi anayeuza panga hana hatia ya damu itakayomwagwa nalo. Lakini fundi anayesimama sokoni akitangaza kwamba panga lake ndilo bora kwa kumvamia jirani, huyo hawezi kunawa mikono.

Walioshitakiwa wadogo

Sasa nafika mahali panapohuzunisha katika historia hii. Baada ya kushindwa na Grokster mwaka 2003, chama cha kampuni za rekodi cha Marekani kiliamua kuwashitaki watumiaji wenyewe. Mwezi wa Septemba 2003 zilifunguliwa kesi 261 kwa mara moja. Miongoni mwa waliohusika alikuwamo msichana wa New York mwenye umri wa miaka 12, aliyeishi na mama yake katika nyumba za serikali za watu wenye kipato kidogo. Mama alilipa dola 2,000 ili kesi iishe. Kufikia mwisho wa mwaka 2008, chama hicho kilipotangaza kuacha mtindo huo, watu wapatao 35,000 walikuwa wamefikiwa na madai. Walio wengi walilipa dola elfu chache na kunyamaza, kwa kuwa wakili angegharimu zaidi.

Wachache walikataa. Mama mmoja wa jimbo la Minnesota alidaiwa kwa nyimbo 24. Sheria ya Marekani inaruhusu fidia ya dola 750 hadi 30,000 kwa kila kazi, na hadi 150,000 kama kosa ni la makusudi. Ilitungwa kwa kuwafikiria wafanyabiashara wa nakala haramu. Mwaka 2007 baraza la raia wanaoamua kesi lilimtaka alipe dola 222,000. Kesi iliporudiwa mwaka 2009, kiasi kikawa dola 1,920,000, yaani 80,000 kwa kila wimbo. Mara ya tatu, mwaka 2010, ikawa dola 1,500,000. Jaji aliona kwamba haiwezekani, akapunguza hadi 54,000, lakini mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa ikarudisha zile 222,000. Wakati huo wimbo mmoja uliuzwa kihalali katika intaneti kwa karibu dola 1.

Mwanafunzi mmoja wa Boston naye alihukumiwa mwaka 2009 kulipa dola 675,000 kwa nyimbo 30.

Mimi ni mwalimu, si mwanasheria, lakini natambua adhabu inapopita kipimo. Ukimpiga mtoto kwa kosa dogo kama unavyompiga mkosaji mkuu, darasa zima litakuchukia, na litasahau kwamba kosa lilikuwapo. Ndivyo ilivyotokea. Watu wengi waliacha kuzungumza juu ya haki ya mtunzi, wakazungumza juu ya ukatili wa kampuni. Na kunakili hakukukoma.

Kilichopunguza ugomvi

Kilichobadili mambo hakikutoka mahakamani peke yake. Tarehe 28 Aprili 2003 kampuni ya Apple ilifungua duka la iTunes likiwa na nyimbo 200,000, kila moja kwa senti 99, bila kulazimisha mtu anunue CD nzima. Katika juma la kwanza ziliuzwa nyimbo milioni 1. Watu wale wale walioitwa wezi walikuwa tayari kulipa, mradi bei iwe ya haki na njia iwe rahisi. Kisha, huko Uswidi, nchi iliyojulikana kwa mtandao wa The Pirate Bay, ambao viongozi wake walihukumiwa mjini Stockholm mwaka 2009, Daniel Ek na Martin Lorentzon walianzisha Spotify. Huduma hiyo ilianza mwaka 2008: msikilizaji hulipa kwa mwezi, au husikiliza bure pamoja na matangazo, na sehemu ya mapato huenda kwa wenye haki.

Mauzo ya muziki uliorekodiwa Marekani, yaliyozidi dola bilioni 14 mwaka 1999, yalikuwa yameshuka chini ya nusu yake kufikia mwaka 2014. Tangu 2016 yameanza kupanda tena, na sehemu kubwa hutokana na huduma za namna hiyo. Historia ya mikanda ya piano ilijirudia: amani ilikuja pale mashine mpya ilipoachwa ifanye kazi, na malipo yakatafutiwa njia.

Hata hivyo amani hiyo haijawafikia wote. Malipo kwa kila mara wimbo unaposikilizwa ni sehemu ndogo ya senti. Tangu mwaka 2024 Spotify hailipi chochote kwa wimbo uliosikilizwa chini ya mara 1,000 katika miezi 12. Fikirini kwaya ya parokia yenye wasikilizaji waaminifu mia chache. Zamani ilinyimwa na mwenye kunakili kando ya barabara. Leo inaweza kunyimwa kihalali.

Jibu nililompa kijana

Baada ya kuyasoma hayo nilirudi kwa kijana wetu. Nilimweleza kwamba majaji wa 1985 walisema kweli. Aliyeiba mbuzi amemwacha mwenye mbuzi bila mbuzi. Aliyenakili wimbo amemwachia mwimbaji wimbo wake. Lakini nilimwomba afikirie fundi aliyejenga ukuta. Ukikataa kumlipa, hujamwibia matofali wala mwiko wake. Umemnyima ujira wake. Kanisa letu limefundisha tangu zamani kwamba kumnyima mfanyakazi ujira wa haki ni kosa zito, na Papa Leo wa 13 aliliandikia dunia nzima jambo hilo mwaka 1891. Kwa hiyo, anayeuliza kama kunakili ni wizi aulize kwanza: je, yupo mtu aliyefanya kazi hii akitegemea malipo, nami ninazuia malipo hayo yasimfikie?

Swali hilo halina jibu moja kwa nyimbo zote. Mwimbaji akiutoa wimbo wake mwenyewe ili usambazwe bure, usambaze kwa furaha. Mtunzi akiwa amekufa zamani na muda wa haki yake umekwisha, wimbo ni wa wote. Lakini kwaya jirani ikiwa imetoa nyimbo zake na inauza, nunua nakala yako. Usiwatumie watu hamsini kwa simu ukidhani unaitangaza. Kama huna fedha, nenda ukaombe. Mara nyingi nimeona watunzi wakimpa bure mtu aliyekuja kuomba.

Kijana aliniuliza tena: “Na zile kaseti zako, mwalimu?” Nilimjibu kwamba wengi wa wanamuziki wale wamekwisha kufariki, baadhi yao wakiwa maskini, nami siwezi tena kuwalipa. Ndiyo maana kila mwaka kwaya yetu inapotoa nyimbo mpya, mimi hununua nakala mbili na kumpa jirani moja.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni nani katika parokia yetu au mtaa wetu anayeishi, au anayejaribu kuishi, kwa muziki? Mwalikeni awaeleze gharama za kurekodi wimbo mmoja.

2. Mahakama Kuu iliitazama nia ya Grokster. Ninyi mnapomtumia mwenzenu wimbo au filamu, nia yenu huwa nini?

3. Je, fidia ya dola 222,000 kwa nyimbo 24 ilikuwa ya haki? Kama si ya haki, ninyi mngeamua nini, na kwa kipimo gani?

4. Kikundi chetu kikirekodi nyimbo, kingependa zigawanywe kwa njia gani? Andikeni makubaliano yenu kabla ya kuingia studio.